Oili ya Kiangazi

Lempi Kivela alivuta kamba mpaka vidole vikafa ganzi ndani ya glavu, na mashine ya kurusha theluji haikukohoa hata mara moja. Kila akivuta, kamba ilikuja kwa shida, ikakatalia katikati, kisha ikarudi ndani polepole, kwa uvivu wa makusudi. Jana yake starta ya umeme ilikuwa imenguruma kidogo, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza moja kwa moja. Kilichobaki ni kamba, na mwenye mkono wa kuivuta alikuwa amekaa mlangoni mwa banda juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kwapani, kama alivyoamriwa na mkewe.

"Usivute kwa hasira," Reino alisema. "Vuta kwa mkupuo mmoja."

"Nikivuta kwa mkupuo mmoja bega litabaki hapa, mimi niende jikoni bila bega."

"Basi niachie mara moja tu. Mara moja."

"Thubutu uone."

Reino hakuthubutu. Tangu alipopasuliwa kifua mwezi wa Oktoba alikuwa amekatazwa kuvuta kamba, kubeba kuni na, zaidi ya yote, kushika koleo la theluji. Huku kwetu Keweenaw, kaskazini mwa Marekani, kila mtu anamjua mwanamume aliyetoka baada ya kifungua kinywa kwenda kuzoa theluji kidogo tu mlangoni, akakutwa amelala kifudifudi na koleo bado liko mkononi. Lempi aliwajua kadhaa, na mmoja wao alikuwa kaka yake. Ndiyo maana makoleo yote ya nyumba ile yalikuwa yamefungiwa kwenye buti la gari, na ufunguo alitembea nao mwenyewe, hata akienda chooni.

Redio ilikuwa imesema ziwa, kwa mvuke wake unaogandishwa na upepo, litaanza kumwaga theluji mchana wa Jumamosi hiyo, wala halitaacha mpaka Jumapili jioni. Kutoka mlangoni mwao hadi barabarani ni mwendo, njia inateremka katikati ya misonobari, na ikishajaa hakuna gari linalopanda. Mwezi wa Novemba Reino alishikwa na maumivu ya kifua, gari la wagonjwa likakwama kule chini, ikabidi vijana wambebe kwa machela kwenye theluji iliyowafika magotini, mmoja akaanguka naye. Ilikuwa gesi tu, mambo ya samaki wa kuchachusha. Lakini mkubwa wao alimvuta Lempi pembeni kwenye korido ya hospitali. "Mama, njia iwe wazi," alimwambia. "Safari nyingine tukichelewa hivi, tutakuwa tumekuja kukupa pole tu." Tangu siku hiyo Lempi hakupata usingizi wa maana. Upepo ukigeuka kutoka ziwani alizinduka, akaweka kiganja karibu na pua ya mumewe ahakikishe bado anapumua.

Mwenye lori la kusukuma theluji naye alikuwa amejaza wateja tangu mapema. Alisema angefika kwao akishawamaliza wengine wote, labda Jumatatu, labda Jumanne. Reino ndiye aliyemkataa mwanzoni mwa msimu, kwa kiburi, akisema yeye ana mashine.

Lempi alifungua kifuniko cha oili, akachomoa kijiti cha kupimia. Oili haikudondoka. Ilining'inia kwenye ncha ya kijiti, nene kama asali iliyosahauliwa kabatini.

"Reino, hii si oili ya baridi."

"Ni oili."

"Ni namba thelathini tupu, nzito. Ile ya mashine ya kukatia majani."

"Oili ni oili, Lempi."

Hapo ndipo Lempi alipoogopa hasa. Maneno hayo mumewe asingeyatamka hata akiwa amelewa. Miaka nenda rudi Reino alikuwa amewahubiria watu wa barabara ile kwamba oili nzito ni ya kiangazi na nyepesi ni ya baridi, na anayekosea hapo anastahili kuganda yeye na mashine yake. Aliwahi kumlazimisha mchungaji amwage oili nzito nje ya kanisa, waumini wakiwa bado wameshika vitabu vya nyimbo. Mtoto wa hapa asingefanya kosa lile, sembuse yeye.

Nesi alikuwa amemwonya Lempi kwamba wengine wakitoka kwenye upasuaji wa moyo huwa wanapotea kidogo, wanasahausahau, hivyo amwangalie. Naye alikuwa akimwangalia. Juzi tu Reino alimimina kahawa kwenye bakuli la sukari. Alicheka mwenyewe mpaka akashika mbavu. Lempi hakucheka.

"Nakwenda mjini kununua oili," alisema sasa.

"Lete thelathini. Ileile. Hii imepungua tu, ndiyo maana inagoma."

"Ukiongeza nzito juu ya nzito..."

"Nimesema lete thelathini!" Reino alifoka, kisha akashika kifua. Hakukuwa na maumivu, ni mazoea tu, lakini ilitosha kumtisha Lempi. Alikwenda kuwasha moto wa sauna, kibanda chao cha kuogea mvuke, kama ilivyo desturi ya Jumamosi, akamwekea mumewe supu karibu, akaondoka.

* * *

Dukani, kwenye rafu ya oili, walikuwa wamesimama wanaume kama wanavyosimama siku yoyote inayotangazwa dhoruba. Hawanunui kitu. Wanabishana. Marlene, mwenye kaunta, alimwona Lempi akiingia na kumwita kwa sauti.

"Mama Kivela! Mzee wako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, anapumzika. Nataka oili ya mashine ya theluji. Amesema..." Lempi alisita. "Amesema thelathini."

Ubishi ulikatika. Mmoja mwenye kofia ya rangi ya chungwa aligeuka mzima mzima.

"Thelathini? Ya kiangazi?"

"Reino huyuhuyu?" mwingine akadakia. "Aliyeniita mimi muuaji wa injini mbele ya mke wangu?"

Kicheko kilipasuka. "Nadhani kule hospitali walipomfungua kifua walifungua na kichwa kidogo," alisema yule wa kofia, na kicheko kikafia njiani kwa sababu wote walimtazama Lempi usoni kwa wakati mmoja. Lempi alihisi masikio yanamwaka moto. Jambo alilokuwa akilificha hata kwa binti yake kwenye simu, sasa lilikuwa limetupwa sakafuni katikati ya makopo ya rangi na misumari, kila mtu analitazama.

Kwa aibu, wanaume wakaanza kumsaidia, na msaada wao ulikuwa mbaya kuliko kicheko. Huyu alitaka Lempi anunue ile ya kutengenezwa maabara, haigandi hata uitie kwenye friji. Yule akasema ya maabara kwenye injini kuukuu inavuja kama kikapu.

"Baba yangu alikuwa anachanganya na mafuta ya taa," alisema wa tatu.

"Ndiyo maana baba yako alikuwa anatembea kwa miguu."

Lempi aligeuza chupa moja, akaigeuza nyingine. Zote zilikuwa na namba, na namba zote zilimtazama bila kumwambia kitu. Akikosea hapa, basi. Kesho njia itakuwa imezibwa, na mtu wake yuko ndani.

Marlene alitoka nyuma ya kaunta, akawapenya, akachukua chupa moja na kumkabidhi. "Waache wajuaji hawa. Kwa injini ya umri ule na baridi hii, tano-thelathini. Hiyo tano ndiyo inayokusaidia asubuhi wakati wa kuwasha. Ikishapata moto, thelathini nayo inafanya kazi yake. Usipitishe alama ya kwenye kijiti, ukijaza sana utaiua."

"Na ile aliyonituma?"

"Ile aliyokutuma iache hapohapo rafuni, dada yangu."

Nje, hatua zilimfuata kwenye barafu. Alikuwa Delbert Trevarrow, jirani yao wa ng'ambo ya barabara, ambaye muda wote alikuwa nyuma ya wenzake bila kucheka. Mashine ya Delbert ilikufa msimu uliopita, na msimu huu wote alikuwa anazoa theluji yake kwa koleo, mgongo umempinda.

"Shemeji, usiwasikilize wale."

"Delbert, niambie kweli. Wewe umekaa naye sana. Unaona kichwa chake kiko sawa?"

"Kichwa cha Reino? Mwezi wa Septemba alikuwa na akili kuliko mimi. Aliniita bandani niisikilize ile mashine, eti ameitengeneza, inanguruma safi, hata moshi hakuna. Akaniambia subiri mpaka Novemba, Lempi atakuuzia, bei yake hii, usije ukampunja..."

Mdomo ulibaki wazi, mvuke unatoka.

"Mimi ndiye nikuuzie?" Lempi aliuliza taratibu. "Yeye atakuwa wapi?"

Delbert alitazama viatu vyake. "Baridi kali, shemeji," alisema. "Wahi nyumbani kabla ziwa halijaanza."

* * *

Alipofika nusu ya safari, theluji ilikuwa inaanguka kwa chembe kubwa kubwa, na Lempi alikuwa ameshaelewa. Kwa miaka miwili mashine ile ilikuwa ikifuka moshi wa buluu. Reino mwenyewe alikuwa akisema inakunywa oili kama mjomba wake anavyokunywa bia. Desemba hii haikufuka. Hali ya hewa ilikuwa bado ya kuvumilika, ikawaka kwa starta kwa kunung'unika, Reino akaiendesha mwenyewe, na Lempi alipouliza mbona haina moshi aliambiwa imetengenezwa. Kumbe ilikuwa imezibwa mdomo. Oili nzito hunyamazisha injini iliyochoka, na hakuna muuza mashine kuukuu asiyeijua hila hiyo.

Kwa hiyo kichwa cha mumewe kilikuwa kizima. Lempi alishusha pumzi ndefu, nusura asimamishe gari ashukuru. Kisha hasira ikampanda, hasira ambayo hakuwa nayo tangu alipokuwa msichana.

Alipopinda kuingia kwenye njia yao alimwona Reino. Alikuwa amepiga goti mbele ya ngazi za mlango, ameshika sinia la kuokea mkate kwa mikono miwili, anachota theluji na kuitupa pembeni. Kofia hana. Uso ulikuwa wa rangi ya jivu.

"Reino! Weka chini! Weka chini hilo!"

"Si koleo," alisema akihema. "Daktari alisema koleo."

Lempi alimnyang'anya sinia, akalivurumisha msituni, akamshika mkono na kumwingiza ndani. Alihesabu mapigo ya mkono wake, akamvua buti, akamwekea kahawa na kipande cha mkate wa iliki mbele yake, akaona damu imeanza kurudi usoni. Ndipo alipoiweka chupa ya oili mezani, katikati ya sahani.

Reino aliisoma ile namba. "Siyo hii niliyokutuma."

"Nimeonana na Delbert."

Reino aliisogeza chupa pembeni.

"Delbert ana mdomo mwepesi," alisema.

"Amesema nilitakiwa nimuuzie mashine Novemba. Nikamuuliza wewe ungekuwa wapi, hakunijibu. Nijibu wewe."

"Daktari alisema nusu kwa nusu, Lempi. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Mimi nilisikia nusu ya kupona. Wewe ukachukua ile nyingine ukakaa nayo bandani."

Reino alizungusha kikombe. "Ungefanya nini na dude usiloweza kuliwasha? Lingekaa bandani linaoza. Na nani angenunua kitu kinachofuka moshi vile? Nikaweka nzito ili inyamaze. Nilitaka upate chochote cha kuanzia."

"Cha kuanzia nini?"

"Maisha. Ya bila mimi."

Lempi aliisukuma sahani yake kando. "Septemba nzima," alisema, "nilikuwa nakupikia, nalala pembeni yako, nakwambia utapona, utapona. Na wewe unaitikia. Kumbe umeshanifanya mjane, hata kuniarifu hukuniarifu!"

"Ningekuambiaje jambo kama hilo?"

"Kwa mdomo! Na uliporudi mzima, kwa nini hukuimwaga?"

Reino aliona haya, na haya zilionekana mpaka shingoni. "Nilimdanganya Delbert. Mtu aliyebeba jeneza la baba yangu. Aliisikia ile injini kwa masikio yake, akanipa mkono tukakubaliana. Ukitia hiyo nyepesi, moshi utarudi, na dirisha la sebule yake linatazama njia yetu. Kila siku nilisema kesho nitaimwaga, nitamwambia. Kesho, kesho."

"Kwa hiyo tuzibwe humu ndani, ufe, ili Delbert asione moshi?"

Lempi akaanza kulia, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya upasuaji. "Nilidhani akili zinakutoka," alisema kwa kwikwi. "Nilidhani wamenirudishia nusu mtu. Nimekuwa nakuchunguza kama mtoto, nakagua hadi unavyokunja soksi!"

Reino aliinuka, akazunguka meza, akaweka mkono begani kwake kwa woga, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama ni la moto.

"Akili zipo," alisema. "Kilichopungua ni adabu."

* * *

Oili nzito iliyoganda haimwagiki. Unaweza kufungua skrubu chini ya injini ukakaa mpaka kesho, itatoa ulimi tu. Banda lao halikuwa na joto. Lakini ilikuwa Jumamosi, na sauna ilikuwa na moto tangu asubuhi.

Reino alisimamia kazi kwa ukali wake wa zamani. Kwanza petroli yote ilinyonywa na kuachwa bandani. Kisha moto wa sauna ukaachwa ufe wenyewe, makaa yakakombwa na kutupwa kwenye theluji, joto likabaki kwenye mawe na mbao. Ndipo Lempi alipoiburura mashine juu ya mbao mbili hadi chumba cha kuvulia nguo, akiitukana kwa Kifini cha kwao na kwa Kiingereza, na Reino nyuma yake akirudia kwamba hasukumi, ameegemea tu. Katika chumba kile bibi yake Reino alimzaa baba yake, na katika chumba kilekile waliwaosha maiti wao. Hakuna aliyewahi kuingiza mashine, lakini hakuna pia aliyewahi kukataza. Jumamosi hiyo aliyeoga ni mashine, wenye nyumba wakabaki na jasho lao.

Walikaa kwenye benchi wakisubiri, koti kwa koti. Nje theluji ilikuwa imefika kwenye kizingiti. Lempi aliisikia ikijipanga, na kila baada ya muda aliinuka kuchungulia.

"Ukichungulia haipungui," Reino alisema.

"Nyamaza. Umemwahidi nani kitu kingine?"

"Hakuna."

"Reino."

"Boti."

"Boti!"

"Sijaiuza. Kuna mtu nilimwonyesha tu."

Lempi alitaka kukasirika tena, akashindwa, akafuta uso kwa mkono wa koti. Chumba kiliposhika joto hadi chini, alilala sakafuni ubavu, spana mkononi, akatafuta skrubu kwa kupapasa.

"Kushoto," Reino alielekeza. "Kushoto kwako. Usilazimishe."

"Kama unajua sana njoo ulale wewe."

"Umenikataza."

Skrubu ikaachia. Oili ya kiangazi ilitoka taratibu, ikajikunja ndani ya kopo la kahawa, nyeusi na nene, ikachukua muda wake mpaka tone la mwisho. Lempi alifunga skrubu, akamimina ile mpya kwa hofu, kidogo kidogo, akapima, akafuta kijiti, akapima tena. Tone moja likaanguka sakafuni. Oili ilisimama chini tu ya alama ya juu.

"Hapo," Reino alisema. "Hapohapo. Usiongeze hata ya kulamba."

"Itawaka?"

Miaka yote Reino asingeulizwa swali hilo akakosa majibu ya kutosha. Sasa alitazama mashine, akamtazama mkewe. "Sijui," alisema. "Ilikaa na ile nzito muda mrefu. Sijui, Lempi."

* * *

Jumapili asubuhi njia haikuwepo. Kati ya misonobari palikuwa na tandiko moja jeupe, na kule chini lori la serikali lilikuwa limepita barabarani na kuacha ukuta wa theluji mdomoni mwa njia yao. Theluji ilikuwa bado inaanguka. Lempi alipotoka chumbani kufunga buti zake, alimkuta Reino jikoni anausugua mkono wake wa kushoto.

"Una nini?"

"Nimeulalia."

"Umeulalia au unauma?"

"Nimeulalia, nakuapia."

Hakumwamini, wala hakuacha kumwamini. Alivaa koti huku kifungo kimoja kikimgomea, akatoka mbio kadiri theluji ilivyomruhusu. Aliiburura mashine juu ya zile mbao hadi bandani, akairudishia petroli, akaisukuma nje. Akavuta kamba. Kimya. Lakini kamba ilikuja hadi mwisho na kurudi kwa haraka, haikukatalia katikati, na Lempi akapata nguvu ya kuvuta tena. Ikakohoa. "Twende, mama, twende," aliibembeleza kwa sauti, na alipovuta kwa mkupuo mmoja, bega na kila kitu, ikanguruma na kutetemeka mikononi mwake. Moshi wa buluu ulimpanda usoni, ukaelea juu ya misonobari. Lempi aliuvuta puani kama harufu ya mkate.

Akaanza kushuka. Hakuwahi kuiendesha hata siku moja, na mwanzoni ilimburura inakotaka yenyewe. Theluji ililiwa kwa mbele na kurushwa pembeni, na nyuma yake njia ikafunguka, nyembamba, imepinda, lakini njia. Alikwenda mpaka nusu, akarudi kuipanua, akashuka tena. Alipofika kwenye ule ukuta wa chini na kuutoboa, alimwona Delbert ng'ambo ya barabara, amesimama mlangoni mwake, ameegemea koleo. Alikuwa anatazama moshi.

Kisha Lempi aligeuka nyuma. Reino alikuwa anashuka njia ile mpya peke yake, fimbo mkononi, hatua ndogo ndogo. Alimpungia mkono arudi. Reino alijifanya hamwoni. Alimpita mkewe, akapita kwenye tundu alilotoboa ukutani, akasimama barabarani, na Delbert akavuka kumfuata.

Lempi alipunguza moto wa injini ili asikie.

"Delbert, unauona huo moshi?"

"Nauona."

"Inakula oili. Mwaka wa pili huu. Septemba sikuitengeneza, niliweka nzito ili usijue. Nilikuwa nakuuzia kimeo, bwana, na mkono nikakupa." Reino alisema hayo akimtazama machoni. "Nisamehe."

Delbert alifuta pua kwa glavu. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku ileile. Wewe unaniwashia mashine unajisifu, mimi naona chupa ya thelathini juu ya benchi, tupu, mdomo bado mbichi. Nani asiyejua oili unayotia kwenye mashine ya theluji? Ulitupigia kelele miaka yote." Alimeza mate. "Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu Joyce, Reino anajua atakufa. Anamwandalia mkewe."

"Na ulinipa mkono?"

"Nilikupa mkono. Ningemlipa bei uliyosema, senti kwa senti. Ningeitupa nyuma ya banda, Lempi asijue."

"Ndiyo maana Joyce alikuwa anatuletea pai za nyama kila Ijumaa," Lempi alisema nyuma yao.

"Ndiyo maana, shemeji." Delbert alijaribu kutabasamu. "Tulikuwa tumeshamlilia tukamaliza. Akaturudia."

Reino alifungua mdomo ajibu, maana hajawahi kumwachia Delbert neno la mwisho. Kikatoka kicheko kidogo. Akakumbatia kifua kwa mikono yote miwili, kama walivyomfundisha hospitalini, akainama, fimbo ikaanguka, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Lempi aliachia mashine akaruka kwenye theluji. "Reino! Ni kifua? Delbert, piga simu, kimbia! Niambie, ni kifua?"

"Hapana," alisema, na alipoinua uso ulikuwa umelowa, unaganda kwenye nywele za ndevu. "Si kifua. Ni mimi tu. Lempi, sikufa."

Lempi alimkagua midomo, akamkagua kucha, akaweka sikio kwenye koti lake na kusikiliza mpaka alipotosheka. Kisha akamshika kiuno asiteleze. Nyuma yao injini ilikuwa inanguruma peke yake, na moshi ulikuwa unawapitia wote watatu.

"Basi lia," alimwambia. "Lia tu. Njia iko wazi."